Kwa Hiari Yetu Wenyewe

Kitenzi cha Kiingereza "agree" ni nadra kutembea peke yake. Anayekubali pasipo kubakiza husema "fully agree". Anayekubali bila kusita, "readily". Anayekubali shingo upande, "reluctantly". Wakikubali wote kwa kauli moja ni "unanimously", na akikubali mtu kwa kunyamaza tu ni "tacitly". Shuleni tuliikariri orodha hii, tukaambiwa kuwa hivi ni vielezi vya namna na kazi yake ni kueleza jinsi tendo lilivyotendeka.

Lakini vielezi hivi havifanyi kazi moja. Vingine hupima. Mwaka 1932 Mmarekani Rensis Likert alichapisha kipimo cha mitazamo ya watu chenye ngazi tano, kuanzia "strongly approve" hadi "strongly disapprove". Watafiti waliomfuata wakakihamishia kielezi hicho kwenye "agree", na leo hakuna dodoso lisilo na "nakubaliana sana". Hapo kielezi ni kama kipimajoto. Vingine havipimi chochote, bali hudhamini. "Freely", "voluntarily" na kirai "of our own free will", yaani kwa hiari yetu wenyewe, havisemi kukubali kulikuwa kwa kiasi gani. Vinatuapia kwamba kukubali kulikuwepo.

Na hapa pana jambo la ajabu. Neno "agree" liliingia Kiingereza katika Zama za Kati kutoka Kifaransa cha kale, likiwa limebeba ndani yake "gré", yaani kupenda au kuridhika. Hiari imo tayari kwenye tumbo la kitenzi. Kusema mtu alikubali kwa hiari ni kusema jambo moja mara mbili, kama vile mtu alivyoweza kuridhia bila ridhaa. Sokoni hakuna muuzaji anayesema, "Nimekuuzia nyanya hizi kwa hiari yangu." Lakini tukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba kiongozi fulani amejiuzulu kwa hiari yake mwenyewe, tunatazamana. Kielezi cha kudhamini huitwa pale ambapo kuna mtu anayetarajiwa kutoamini.

Tarehe 9 Agosti 1904, Sir Donald Stewart, Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, alitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo laiboni Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, kwa sauti ya Wamaasai wenyewe: sisi tuliotia alama hapa chini. Sauti hiyo inasema kwamba wamelijadili suala la ardhi na Kamishna "fully", na kwamba "of our own free will" wameamua ni kwa manufaa yao kuwahamisha watu na mifugo mbali na reli, na mbali na ardhi yoyote itakayofunguliwa kwa walowezi wa Kizungu. Wangeliacha Bonde la Ufa pande za Naivasha, malisho bora waliyokuwa nayo, na kugawanywa katika hifadhi mbili, moja Laikipia kaskazini na nyingine kusini ya reli. Kuziunganisha, waliahidiwa njia yenye upana wa nusu maili. Chini ya hati, wakalimani nao walithibitisha kwamba wameifasiri "correctly".

Hesabu vielezi hivyo: kujadili kikamilifu, kuamua kwa hiari, kufasiri kwa usahihi. Kila kitenzi ambacho kingeweza kutiliwa shaka kimewekewa mdhamini. Wamaasai hawakuhitaji kuambiwa kama wamependa au hawakupenda, walijua. Vielezi vile viliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekuwa mbali, mtu wa ofisini London ambaye siku moja angeweza kuuliza ilikuwaje wafugaji wakaamua wenyewe kuondoka kwenye majani na maji.

Kulikuwa na kielezi kingine, cha wakati. Mkataba ulisema makubaliano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo kama taifa. Ni vigumu kutunga kielezi cha wakati kirefu zaidi ya hicho. Kilidumu chini ya miaka saba.

Laikipia nayo ilitamaniwa. Olonana alifariki Machi 1911, na tarehe 4 Aprili mwaka huohuo mkataba wa pili ukatiwa saini, safari hii chini ya Gavana Percy Girouard. Aliyetajwa kuwa mkuu wa Wamaasai wote alikuwa Seggi, mwana wa marehemu, pamoja na wasimamizi wake. Ole Gilisho, kiongozi mwenye nguvu wa Laikipia aliyekuwa ameupinga uhamisho huo, naye aliweka alama yake.

Sentensi kuu ya mkataba huo inastahili kuchambuliwa kama tulivyofundishwa darasani. Kiima ni Wamaasai. Kitenzi ni "agree": wanakubali kuondoka. Lini? Wakati ambao Gavana ataagiza. Kwa njia gani? Zile ambazo Gavana atawajulisha. Kwenda wapi? Eneo la kusini ya reli ambalo Gavana atawapangia. Wamaasai walipewa kiima na kitenzi. Vielezi vyote vitatu, wakati, njia na mahali, vilikuwa mali ya Gavana. Sijui mfano bora zaidi wa kumfundishia mwanafunzi kwamba kielezi si pambo la sentensi. Wakati mwingine mamlaka yote yamekaa humo.

Jaribio la kwanza la kuhama lilikwama mwaka huohuo kwenye baridi na mvua za Mau. Watu walikufa, mifugo ikafa. Uhamisho ulipoanza tena, Ole Njogo na wenzake walimshtaki Mwanasheria Mkuu wa Himaya. Miongoni mwa hoja zao ni kwamba waliotia alama mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga Wamaasai wa Laikipia. Kwa lugha yetu hapa, walikuwa wanakihoji kitenzi chenyewe: nani alikubali?

Mei 1913 Mahakama Kuu ilikataa kuingia humo. Ilisema hati hizo si mikataba ya kawaida ya raia na serikali yao, bali ni maafikiano kati ya dola na dola, hivyo mahakama ya nchi haina uwezo wa kuyaamua. Wamaasai walihesabiwa kuwa dola kwa muda uliotosha kushindwa kesi. Rufaa ilipotupwa Desemba mwaka huo, mifugo ilikuwa imeshavuka kwenda kusini. Wadhamini wale wote, kikamilifu, kwa hiari, kwa usahihi, hawakuulizwa swali hata moja.

Sisi wanafunzi wa uzamili tunaokwenda uwandani hubeba fomu yenye kirai kilekile: nimekubali kushiriki kwa hiari yangu. Asili yake ni Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizoandikwa baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi. Kanuni ya kwanza inadai ridhaa ya hiari, lakini haikuishia kwenye neno. Ilieleza hiari ni nini: pasiwe na nguvu, hila wala ulaghai, na mtu ajue vya kutosha anachokikubali, kanuni nyingine ikampa haki ya kujitoa katikati. Hivyo ndivyo kielezi kinavyopewa mwili. Ukitaka kujua kama "kwa hiari" ya mkataba wowote ni ya kweli, usikisome kielezi chenyewe. Tafuta kama kuna mahali paliposemwa nini kingetokea iwapo watu wangekataa. Katika mkataba wa 1904 hutapapata.

Agosti 2004, miaka 100 baada ya alama zile kuwekwa, Wamaasai waliandamana nchini Kenya wakidai ardhi ya Laikipia irudishwe. Wengi wao walisema mkataba ulikuwa wa miaka 100 na sasa umekwisha. Kwenye hati ya 1904 hakuna tarakimu hiyo. Kinachosomeka pale ni kielezi kikubwa kuliko madai yao: maadamu Wamaasai wapo. Na walikuwepo, barabarani, mchana kweupe.