Binti mmoja, sheria tatu: namna Bunge letu lilisahihisha Sheria ya Familia (1987–2016)

Kila mtu mwenye amepita kwenye somo la sheria anajua lile swali la mtihani: sheria mbili zikipingana, tunafuata ipi? Kwenye karatasi jibu ni rahisi. Katiba iko juu ya zote. Sheria mpya inashinda ya zamani. Sheria ya jambo moja maalum inashinda ile ya mambo yote. Tunaandika, tunapata pointi, tunaenda nyumbani.

Lakini hapa Kasindi, kwa meza ya karani ao kwa dirisha la kredi, nani anapima sheria namna ile? Karani anafungua kitabu, anasoma kifungu chenye kiko mbele ya macho yake, basi. Kama kifungu cha zamani kingali kimechapwa mule, ndicho kinatawala siku ile. Kwa hiyo nataka leo tuangalie historia ya kitabu kimoja, Sheria ya Familia, na namna kilikaa miaka kumi kikipingana na Katiba bila mtu kukigusa.

Kitabu hiki chenyewe kilizaliwa kwa kazi ya kupatanisha sheria. Wakati wa ukoloni, familia moja ilikuwa chini ya sheria iliyoandikwa na Wabelgiji, familia ingine chini ya desturi ya kabila lake. Wanande walikuwa na yao, Washi yao, Waluba yao. Kisha uhuru, serikali ilitaka inchi nzima iwe na sheria moja ya ndoa, watoto na urizi. Ilikuwa kazi ya miaka mingi. Sheria namba 87-010 ilitoka tarehe 1 Agosti 1987 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 1988.

Ilipatanisha mengi, lakini iliacha miiba miwili.

Mwiba wa kwanza ulikuwa umri. Kifungu cha 219 kilisema mtu asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, awe kijana mwanaume ao binti. Kifungu cha 352 kikasema mwanaume aoe kuanzia miaka 18, binti aolewe kuanzia miaka 15. Yaani ndani ya kitabu kimoja, binti wa miaka 16 ni mtoto kwa ukurasa mmoja, na ni bibi ya mtu kwa ukurasa mwingine.

Mwiba wa pili ulikuwa ruhusa ya bwana. Kifungu cha 448 kiliomba mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kwa kila tendo la kisheria lenye linamufunga yeye mwenyewe. Hii ilikuwa na mzizi wa zamani: tangu mwaka 1913 sheria ya kikoloni ya biashara ilikuwa inasema mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa mfanyabiashara kama bwana yake hakubali. Fikiria sasa mpaka wetu. Wamama wanavuka Lubiriha asubuhi, wanaingia Mpondwe, wanarudi na biashara, wanapandisha Beni na Butembo. Ndio wanalisha nyumba, wanalipia watoto masomo. Na mbele ya sheria, mama yule alikuwa anahitaji bwana amutilie sahihi.

Halafu Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ikaja. Kifungu cha 41 kinasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, bila kutofautisha mwanaume na mwanamke. Kifungu cha 14 kinaagiza serikali iondoe kila ubaguzi juu ya wanawake. Mtu angefikiri kwamba siku ile ile vifungu vya 352 na 448 vilikufa. Hapana. Kifungu cha 221 cha Katiba hiyo kinasema sheria za zamani zinaendelea, kama hazipingani na Katiba, mpaka zifutwe ao zibadilishwe. Ni kifungu cha busara, kwa sababu inchi haiwezi kulala bila sheria hata usiku mmoja. Lakini kinaacha swali: nani atasema kwamba kifungu fulani kinapingana?

Hapo mambo yakazidi kuchanganyikana. Tarehe 20 Julai 2006, sheria juu ya jeuri ya kingono ilibadilisha Sheria ya Azabu: kulala na mtoto wa chini ya miaka 18 kukahesabiwa kuwa ubakaji. Tarehe 10 Januari 2009, sheria ya kulinda mtoto ikakataza uchumba na ndoa za watoto. Ikamalizia na yale maneno tunayaona mwisho wa kila sheria: yote ya mbele yenye yanapingana na sheria hii yamefutwa.

Maneno hayo ni mepesi kuandika. Shida ni kwamba hayataji kitu. Hayasemi «kifungu cha 352 kimefutwa». Basi binti yetu wa miaka 16 akawa na sheria tatu: kwa moja anaolewa vizuri mbele ya serikali, kwa ingine bwana yake ni mbakaji, kwa ya tatu ndoa yenyewe imekatazwa. Mzazi mwenye alitaka mahari alikuwa na kifungu cha kuonyesha.

Kwa upande wa biashara, tarehe 12 Septemba 2012 Kongo ikaanza kufuata sheria za OHADA, ule umoja wa inchi za Afrika wenye kutumia sheria moja ya biashara. Mkataba wa OHADA unasema sheria zake zinashinda za inchi zenye zinapingana nazo, na hazimuombi mwanamke ruhusa ya bwana ili afanye biashara. Lakini kifungu cha 448 kilibaki kitabuni.

Dawa ilikuwa moja: Bunge lichukue kitabu cha zamani na kugusa vile vifungu kwa namba. Kazi hiyo ina njia yake. Mbunge, seneta ao serikali inaweza kuleta mswada. Bunge la Taifa na Seneti lazima wapitishe maandiko yale yale, neno kwa neno. Wasipopatana, wanaunda tume ya pamoja yenye wajumbe sawa. Ikishindikana, Bunge la Taifa linakata neno la mwisho. Kisha Rais anatangaza.

Ndivyo ilitoka sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Kifungu cha 352 kikaandikwa upya: miaka 18 kwa wote wawili. Ruhusa ya bwana ikaondoka.

Tuangalie na jirani. Tanzania ilikuwa na mwiba ule ule: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuolewa na miaka 15, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikasema mtoto ni wa chini ya miaka 18. Kule, Rebeca Gyumi alipeleka kesi. Mahakama Kuu ilimpa haki tarehe 8 Julai 2016, wiki moja tu mbele ya sheria yetu. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Lakini mwaka mmoja wenye mahakama ilitoa ili sheria ibadilishwe ulipita bila Bunge kuibadilisha. Hakimu anaweza kuonyesha kosa. Kalamu ya kuandika upya iko kwa Bunge.

Yetu nayo haikumalizika. Bwana alibaki kichwa cha nyumba. Kifungu kipya cha 448 kinaomba bwana na bibi wapatane kwa matendo ya kisheria. Wasipopatana, mwenye kuumia anaenda kwa mahakama ya amani. Ni usawa, ndiyo. Lakini mama wa Lubiriha mwenye anataka kredi anaweza kuulizwa tena: bwana anasema nini? Wakati OHADA haimuulizi hivyo.

Na jambo la mwisho, lenye linatuhusu sisi. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaagiza serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya luga nne za taifa, ndani ya siku 60. Kiswahili ni mojawapo. Sheria yenye haijafika sokoni kwa luga ya soko haijamaliza safari yake. Tuulize wamama wa nyumbani kwetu kama walishasikia kwamba ile ruhusa iliondoka mwaka 2016. Kama hawajui, sisi wenye tulisoma tuko na kazi.