Waya Usiobeba Sauti: Kinanda, Kompyuta na Muziki wa Burundi

Kiswahili kiliita vyombo vingi kinanda kabla ya kukipa jina hilo chombo chenye vitufe vyeupe na vyeusi. Huko Lamu kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi, jamaa ya udi. Baadaye gramafoni nayo ikaitwa kinanda, na piano, na ogani. Naanza na jina hili kwa sababu linachanganya vitu viwili: chombo kinachotoa sauti kwa mkono wa mtu, na chombo kinachorudia sauti iliyokwisha kutolewa. Kinanda cha kidijitali kilichounganishwa na kompyuta si hiki wala si kile, na ndiyo maana historia yake inatuhusu sisi Warundi kuliko tunavyodhani.

Hapa Kinanira, kusini mwa Bujumbura, nimeona jambo moja likijirudia. Kijana wa kwaya anachomeka waya wa USB kutoka kwenye kinanda hadi kwenye kompyuta, anapiga, anaona vijistari vikijichora kwenye skrini, lakini sauti haisikiki. Anasema waya ni mbovu. Mara nyingi waya ni mzima. Katika vinanda vingi waya huo haupitishi sauti hata chembe; unapitisha habari. Kitufe namba 60 kimebonyezwa, kwa nguvu ya 84. Kitufe namba 60 kimeachiliwa. Sauti inatengenezwa upya na programu iliyomo kwenye kompyuta, na kama hakuna programu iliyochaguliwa kufanya kazi hiyo, basi ni kimya. Anayetaka sauti ya kinanda chenyewe hana budi kutoa waya mwingine kwenye tundu la sauti.

Lugha hiyo ya namba inaitwa MIDI. Mwaka 1981 Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani alipendekeza kwamba vinanda vya umeme vya kampuni zote vizungumze lugha moja. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani, alikuwa akisukuma wazo hilo hilo. Januari 1983, katika maonyesho ya wafanyabiashara wa ala za muziki huko California, Prophet-600 ya Smith iliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland, na mtu akipiga kimoja, kingine kilitii. Kampuni hizo zilikuwa washindani wa biashara. Hata hivyo kiwango hicho kilitolewa bila kudai malipo ya leseni kwa yeyote, na kwa maoni yangu uamuzi huo una uzito kuliko ufundi wenyewe. Kinanda cha bei nafuu kinachouzwa Bujumbura leo kinaelewana na kompyuta kuukuu kwa sababu hakuna aliyeweka geti la kutoza ushuru hapo mlangoni.

Ufundi wenyewe ulikuwa wa kubana matumizi. Biti 31,250 kwa sekunde, plagi ya pini tano ambayo ni tatu tu zilizotumika, njia 16, noti 128. Habari ya kitufe kimoja huchukua karibu milisekunde moja kupita. Mwaka 1985 kompyuta ya Atari ST ilikuja na matundu ya MIDI tayari, na mwaka 1999 ukatoka utaratibu wa kupitisha MIDI katika USB. Dakika moja ya sauti ya kiwango cha CD hula takriban megabaiti 10. Wimbo mzima wa MIDI unaweza kutosha ndani ya kilobaiti chache. Kwa mtu anayetuma kazi yake kwa simu, kwa vocha ya kuhesabu, tofauti hiyo si nadharia.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki nchini Burundi kwa ajili ya lebo ya Ocora ya Ufaransa. Katika kanda zake mlikuwa na ngoma. Mwaka 1971 ngoma hizo zilitokea katika santuri iitwayo "Burundi Black", zikiwa zimeongezewa piano na gitaa na watu ambao hawakuwapo zilipopigwa, na mwaka 1975 Joni Mitchell akazitumia katika "The Jungle Line". Kanda ilibeba sauti yenyewe: ngozi, mti, uwanja, pumzi za watu. Sauti ikaondoka, wenyewe wakabaki. MIDI inafanya kinyume. Inabeba tendo la mkono na kuiacha sauti. Wizi wa aina ya 1971 hauwezekani kwa MIDI peke yake, lakini hasara yake ni nyingine.

Chukueni inanga. Uzi mmoja mrefu umepitishwa huku na huko juu ya ubao uliochongwa kama hori. Katika inanga yongorerwa mwimbaji hunong'ona, na mnong'ono hauna kupanda wala kushuka kwa sauti kama uimbaji. Nyuzi ndizo zinazompa msikilizaji hisia kwamba maneno yanaimbwa. Hapo MIDI inaandika nini? Mnong'ono hauna namba. Nyuzi zinaweza kupewa namba, ila ni namba za ngazi ya piano. Mwenye kujua atasema kuna amri ya kupinda noti, yenye hatua 16,384. Ni kweli, lakini katika kiwango cha 1983 amri hiyo hupinda noti zote za njia moja kwa pamoja, ilhali uzi wa inanga hutikisika peke yake. MIDI 2.0, iliyopitishwa Januari 2020, inaruhusu kila noti ipindwe kivyake. Vinanda vinavyotumika makanisani kwetu bado ni vya lugha ya 1983.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba "sauti ya inanga" iliyomo kwenye programu inatosha kuhifadhi inanga. Inanga irekodiwe kwa maikrofoni, hata ya simu. Lakini pia sikubaliani na wanaoidharau MIDI kama muziki wa mashine. Faili la MIDI ni hati: linaeleza mpiga kinanda alichelewa kwa kiasi gani kabla ya kiitikio, na kitufe kipi kilibonyezwa kwa uzito. Tatizo ni kwamba programu nyingi zina amri ya kunyoosha mapigo, na watayarishaji wengi huibonyeza mara tu wanapomaliza kurekodi, hata kabla ya kusikiliza. Ucheleweshaji ule, ambao kwaya nzima iliufuata, unafutwa. Kwa vijana ninaowasaidia hapa mtaani ninaomba jambo moja: faili la kwanza, lenye makosa yake yote, lihifadhiwe kando kwa jina la aliyepiga na tarehe, ndipo la pili linyooshwe wapendavyo.