Jibini ya Masisi

Mwezi wa Novemba 2010, wajumbe wa UNESCO walipokutana Nairobi kuamua ni mila zipi za walimwengu zistahilizo kuhifadhiwa, waliitia katika orodha yao dhifa ya Wafaransa: ule mtindo wa jamaa na marafiki kuketi pamoja saa nyingi, wakianza kwa kinywaji cha kuamsha hamu, wakafuatisha samaki au nyama na mboga zake, kisha jibini, kisha vitamutamu, huku mazungumzo yakipita baina ya sahani na sahani pasipo mtu kuharakishwa. Inachekesha kidogo kwamba hukumu juu ya meza ya Kifaransa ilitolewa Afrika ya Mashariki. Lakini atakaye kujua jinsi sehemu moja ya meza hiyo, nayo ni jibini, ilivyopata makao katika bara letu, hana budi kuiacha Nairobi na kupanda hadi Kitshanga, mashariki ya Kongo.

Kitshanga iko kiasi cha kilomita 80 kutoka Goma kwa njia ya Sake, katika nchi ya Bashali, penye mpaka wa Masisi na Rutshuru. Wahunde, wenyeji wa asili, walikuwa watu wa migomba na pombe ya ndizi. Kisha, tangu 1937 hadi 1955, serikali ya Wabelgiji ikahamishia huku maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Rwanda, na walowezi wa Kizungu wakafungua mashamba ya mifugo katika vilima ambavyo baridi yake na majani yake mabichi viliwakumbusha makwao. Mwaka 1954 wakafika Mokoto, kando ya maziwa yasiyo mbali na Kitshanga, watawa wa Trapisti waliotoka abasia ya Scourmont huko Ubelgiji, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa. Jina lao latokana na La Trappe, abasia ya Normandy, na ndugu zao wa Scourmont walikuwa wakitengeneza jibini tangu 1876. Watawa hao hujinyima nyama, hula kimya huku mmoja wao akisoma kwa sauti, jambo ambalo Mfaransa wa kawaida angeliona adhabu. Walakini kanuni yao ya kale ya Mtakatifu Benedikto yawaamrisha kumpokea kila mgeni kwa taadhima kama ampokeavyo mtu Kristo mwenyewe.

Katika vilima hivi husimuliwa kwamba mapadri wa Kizungu ndio waliofundisha sanaa ya jibini, nayo ilishika mizizi katika miaka ya 1970. Mimi naona kwamba njia ndiyo iliyofundisha zaidi ya padri. Katika milima ya Jura, mashariki ya Ufaransa, wakulima walianza tangu karne ya 13 kuchanga maziwa ya ng'ombe wao wachache ili kutengeneza gurudumu moja kubwa la jibini, lingaliko zima hata baada ya theluji kufunga njia miezi mizima. Masisi hakuna theluji. Kuna mvua na tope lilazalo gari siku mbili, na maziwa mabichi hayangoji siku mbili. Basi mchungaji huyaleta kwa madumu alfajiri, yakapashwa moto wa kuni hata yawe vuguvugu, yakatiwa dawa ya kugandisha, yakakatwakatwa, maji yake yakachujwa (nguruwe huyangojea), yakashindiliwa katika viduara, yakatiwa chumvi, kisha yakapangwa juu ya mbao na kugeuzwa-geuzwa kwa majuma kadhaa.

Lakini mezani ndipo Masisi na Ufaransa zinapoachana. Mfaransa wa shamba huiweka jibini mbele ya rafiki zake karibu na mwisho wa chakula, akaisifu na kuibishania. Mfugaji wa Masisi aghalabu huiuza yote. Nyumbani kwake maziwa hunywewa mabichi, au huachwa yakawa mashanza, yaani maziwa ya mgando, na karamu ya kweli ni bugari au viazi, maragwe, sombe na lenga-lenga, wenzi wakizunguka sahani moja baada ya kunawa, na jioni kasiksi, ile pombe ya ndizi, katika chombo kimoja chenye mirija mingi. Jibini yenyewe, ambayo watu wa Goma huiita fromaji, huliwa mjini: asubuhi kwa mkate na chai, jioni kwa vipande vidogo mbele ya wanywaji wa bia. Nakiri kwamba uungwana wa ile mirija wanipendeza kuliko mpangilio wa sahani za Kifaransa, ingawa tumbo langu halikatai hivi wala vile.

Vita vilivyozuka 1993 viliwamaliza ng'ombe kwa mapanga na kwa wizi. Mei 1996 wakimbizi waliojihifadhi katika monasteri ya Mokoto walishambuliwa na kuuawa, na watawa wakalazimika kuhama. Mji wa Kitshanga uliungua katika mapigano ya mwanzo wa 2013, na Januari 2023 ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Mifugo ilirudi, ikatawanyika, ikarudi tena, na mitambo midogo ya jibini ikafufuliwa kila mara kwa masufuria yale yale. Hata leo magurudumu ya manjano hushuka Goma kwa pikipiki na malori, na hadi mwanzo wa 2025 mengine yalipanda ndege hadi Kinshasa. Na katika vizuizi vya njiani wenye bunduki hutoza ushuru wao, ambao mlaji wa mjini huulipa pamoja na bei ya maziwa.