Peugeot 504 dhidi ya Lancer 1600 GSR: nani mkali?

Leo tuache kompyuta kidogo, tuingie gereji.

Kwetu Tabaka watu huchonga jiwe la sabuni, na jiwe hilo ni zito ajabu. Kwa miaka mingi baba mdogo alilisomba kwa pikapu ya Peugeot 504. Sasa imelala nyuma ya nyumba na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshataja bei, kwa kilo. Jirani yetu, shabiki wa Mitsubishi, anamcheka: eti hata enzi zake Lancer iliichapa hiyo Peugeot. Mimi ni mtu wa takwimu, basi nikaketi nazo.

Lancer 1600 GSR: injini ya cc 1,597, kabureta mbili, nguvu ya farasi 110, uzito wa kilo 825 hivi. Peugeot 504 ya injekta: cc 1,971, farasi 104, uzito wa kilo kama 1,200. Piga hesabu. Kila tani ya Lancer inasukumwa na farasi zaidi ya 130, ya Peugeot haifiki 90. Kwenye karatasi mchezo umekwisha!

Lakini ukishawahi kununua kompyuta kwa kusoma namba za prosesa peke yake, unajua kinachofuata. Safari Rally ya 1974 ilikuwa ya mvua na matope, na Joginder Singh, Mkenya mwenzetu, akashinda na Lancer, akimwacha Björn Waldegård na Porsche 911 yake. Gari jepesi ni rahisi kulitoa kwenye tope. Mwaka 1975 akashinda Ove Andersson wa Sweden, na gari lake? Peugeot 504. Nyuma yake zilikuja Lancia Stratos mbili zenye injini ya Ferrari. Mwaka 1976 Joginder akarudi, na Lancer zikachukua nafasi tatu za kwanza. (Peugeot 504 ilishinda tena 1978, ila hiyo ilikuwa kupe ya V6. Tusidanganyane, ni injini nyingine kabisa.)

Siri ya 504 haiko kwenye farasi. Ekseli zake mbili zimeachana mita 2.74, za Lancer mita 2.34. Kwenye saluni, kila gurudumu la nyuma linapanda na kushuka peke yake, kwa springi ndefu za kujizungusha. Lancer nyuma ina ekseli moja ngumu juu ya springi bapa. Tena Lancer hutoa nguvu zake zote ikifika mizunguko 6,700 kwa dakika, Peugeot kwenye 5,200 hivi. Injini isiyopigishwa kelele huchelewa kuchoka.

Hapo nikamkimbilia baba mdogo na ushindi. Kumbe nilijikwaa: pikapu ya 504, iliyotoka 1979, nyuma ina ekseli ngumu na springi bapa, kama ya jirani! Na yake ni dizeli ya lita 2.3, farasi 70 tu. Nilipomweleza alicheka sana, akasema yeye hakuwahi kushindana na mtu, alikuwa anabeba mawe.

Mnunuzi anarudi Jumamosi. Jana jioni, hata hivyo, baba mdogo aliniuliza kama kwenye intaneti huko wanauza pampu ya dizeli ya 504. Mwenye nayo aniandikie hapo chini.