Swala wa Upemba, aliyechelewa kupewa jina

Mto Lufira unapita mashariki ya Likasi, unaendesha mitambo ya umeme ya Mwadingusha iliyojengwa mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vyetu vya shaba, kisha unashuka kaskazini hadi bonde la Kamalondo na kumwaga maji yake Lualaba, katika nchi ya maziwa na mafunjo. Huko ndiko anakoishi mmoja wa wanyama adimu kabisa wa Kongo, na wengi mjini kwetu Likasi hawajapata hata kumsikia.

Ni swala wa majimaji, jamaa ya kuro. Kwato zake ndefu hupanuka akikanyaga tope, na miguu yake ya nyuma imeizidi ya mbele kwa urefu. Akifukuzwa haendi msituni: huingia majini na kuruka kwa mikupuo, mbwa wa wawindaji wakabaki wanaogelea nyuma yake. Hula nyasi za ukingo wa mafuriko. Maji yakipanda naye hupanda, yakishuka huyafuata. Kiangazi makundi husongamana penye maji yaliyobaki, na hapo mwenye bunduki hahitaji ustadi wowote.

Wabelgiji waliitangaza Hifadhi ya Upemba tarehe 15 Mei 1939. Kati ya 1946 na 1949 Gaston-François de Witte aliongoza huko msafara mkubwa wa kisayansi, na ngozi na mafuvu ya swala hawa yakapelekwa Ubelgiji. Yakakaa kabatini. Walidhaniwa kuwa ni walewale wa mabwawa ya Zambia, mpaka mwaka 2005 F.P.D. Cotterill alipoyapima mafuvu na kutangaza spishi ya peke yake, Kobus anselli, kwa heshima ya W.F.H. Ansell, bingwa wa mamalia wa Zambia.

Panda wa China naye alijulikana Ulaya kwa ngozi, aliyoipata padri Mfaransa Armand David huko Sichuan mwaka 1869. Naye hutegemea kitu kimoja, mianzi. Ila China ilimtengea hifadhi ya Wolong mwaka 1963, ikamhesabu tena na tena. Hesabu ya nne ilipata 1,864 porini, na mwaka 2016 shirika la uhifadhi la IUCN likampandisha ngazi moja ya nafuu.

Swala wetu walikadiriwa kufika 22,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kisha vita. Mwaka 2004 wanamgambo wa Mai-Mai walishambulia Lusinga, makao makuu ya hifadhi, wakaua watu. Nchi ya Mitwaba, Manono na Pweto ikaitwa pembetatu ya kifo. Kiongozi wao, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha Mitwaba mwaka 2006, lakini bunduki nyingi hazikwenda naye. Mimi simlaumu aliyekimbia kijiji chake akala nyama aliyoikuta. Nawalaumu waliogeuza nyama hiyo biashara.

Tangu 2017 shirika la Forgotten Parks linaendesha hifadhi pamoja na ICCN, taasisi ya serikali ya hifadhi. Sifa nyingi zimewaendea punda milia wa Lusinga, wa mwisho nchini; wako uwandani juu, wanaonekana, wanalindika. Picha ya kwanza ya swala wa bondeni akiwa hai ilichapishwa mwaka 2025. Hesabu ya kutoka angani iliwaona kumi, na watafiti wanakadiria hawafiki 100. Doria za uwandani hazimfikii. Anahitaji walinzi wenye mitumbwi, na wavuvi wa bondeni watakaopata faida fulani kwa kumwacha hai.