Ukoo wa Washington: Kutoka Durham hadi Freetown

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu wapatao 163,000 wenye jina la ukoo la Washington. Tisa kati ya kila kumi walikuwa weusi. Katika majina ya ukoo yaliyoenea sana nchini humo, hakuna lililobebwa na watu weusi kwa kiwango kikubwa namna hiyo. Lakini jina lenyewe ni la Kiingereza tupu. Limetoka katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Uingereza, na Mzungu aliyelitangaza duniani kote, George Washington, hakuacha hata mtoto mmoja wa kumzaa.

Kijiji hicho kipo karibu na mto Wear, katika eneo la zamani la Durham. Kuelekea mwisho wa karne ya 12, mtu mmoja aitwaye William de Hertburn alibadilishana ardhi na Askofu wa Durham: akatoa kijiji chake cha Hertburn, akapewa Washington. Daftari la mapato ya askofu, lililoandikwa mwaka 1183, linaonyesha kwamba alitakiwa kulipa pauni 4 na kuhudhuria msafara mkuu wa askofu wa kuwinda akiwa na mbwa wanne. Enzi zile mwenye ardhi aliitwa kwa ardhi yake. William alipohama shamba akahama na jina, na kizazi chake kikaitwa kwa kijiji kipya. Laiti mapatano yale yasingefanyika, mji mkuu wa Marekani leo ungeitwa kwa jina tofauti kabisa.

Kwa miaka mia kadhaa hapakuwa na makubwa. Tawi moja la ukoo lilisogea magharibi hadi Warton, Lancashire, ambako nembo yao ya nyota tatu na mistari miwili imechongwa kwenye mnara wa kanisa. Nembo hiyohiyo ndiyo inayopepea leo kwenye bendera ya jiji la Washington. Kutoka huko Lawrence Washington akashuka hadi Northampton, akatajirika kwa biashara ya sufu na kuwa meya wa mji. Mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba za watawa na kuuza ardhi zao, Lawrence alikuwa na fedha mkononi. Mwaka 1539 akanunua shamba la Sulgrave.

Utajiri huo haukudumu. Kitukuu wa Lawrence, naye aliitwa Lawrence, alikuwa kasisi wa Purleigh, Essex, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza kati ya mfalme na Bunge. Mwaka 1643 watu wa Bunge walimfukuza parokiani wakimtuhumu ulevi. Katika siku zile kasisi aliyeonekana kumpendelea mfalme hakukosa kutafutiwa kosa. Alikufa maskini mwaka 1653, na wanawe wakabaki bila ardhi wala mlezi wa maana. Mmoja wao, John, akaingia baharini.

Mwaka 1656 John Washington alifika Virginia akiwa msaidizi wa nahodha wa meli ya Sea Horse, iliyokwenda kuchukua tumbaku. Katika safari ya kurudi meli ilikwama kwenye fungu la mchanga katika mto Potomac, ikaingia maji. John akaamua kubaki. Akamwoa Anne Pope, ambaye baba yake aliwapa ekari 700, na akaanza kulima tumbaku. Tumbaku ilihitaji watu wengi wa kufanya kazi. Kwanza walitumikishwa Wazungu maskini waliofungwa kwa mikataba ya miaka kadhaa, kisha Waafrika waliofungwa maisha, wao na watoto wao. Tangu hapo historia ya jina hili haitenganiki na historia ya utumwa. George, kitukuu wa John, alizaliwa mwaka 1732. Alipofiwa na baba yake akiwa na umri wa miaka 11 alirithi watu kumi.

Vitabu vingi vya historia ya ukoo huu hukaza macho kwa George: jenerali, rais, nyumba yake ya Mount Vernon. Mimi naona mtu wa kufuatwa hapo ni Harry.

Harry alizaliwa Afrika Magharibi, huenda maeneo ya mto Gambia, mnamo mwaka 1740. George Washington alimnunua mwaka 1763 na kumpeleka kwenye kazi ya kukausha kinamasi kikubwa kilichopo kati ya Virginia na North Carolina. Baadaye alihamishiwa Mount Vernon. Mwaka 1771 alitoroka, bwana wake akalipia tangazo la kumsaka, akakamatwa. Mwishoni mwa 1775 gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme. Harry akatoroka tena, na safari hii hakurudishwa. Bwana wake alipokuwa akiongoza vita vya kudai uhuru wa Marekani, yeye alikuwa upande wa pili akidai wa kwake.

Vita vilipokwisha mwaka 1783, Waingereza waliandika orodha ya watu weusi waliokuwa wakiondoka nao New York. Humo yumo Harry Washington, mwenye umri wa miaka 43, aliyewahi kuwa mali ya Jenerali Washington na kumwacha miaka saba kabla. Alisafirishwa hadi Nova Scotia, kwenye baridi kali na ardhi mbovu. Januari 1792 watu weusi wapatao 1,200 walipanda meli 15 huko Halifax kwenda Sierra Leone, wakaanzisha mji wa Freetown. Harry alikuwa miongoni mwao. Hivyo jina la kijiji cha Durham likafika Afrika, na aliyelileta alikuwa Mwafrika anayerudi bara alikozaliwa.

Huko nako kampuni iliyoendesha koloni iliwatoza kodi kwa ardhi waliyoahidiwa bure. Mwaka 1800 walowezi waliasi, na Harry alikuwa kati yao. Uasi ulizimwa, akahukumiwa kuhamishiwa ng'ambo ya mto, pwani ya Bullom. George alikuwa amefariki miezi michache tu kabla ya hapo, Desemba 1799.

Wakati huo Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317. Wa George mwenyewe walikuwa 123, na wosia wake uliwaacha huru. Mjane wake Martha alitekeleza hilo tarehe 1 Januari 1801. Wengi wa waliobaki walikuwa mali ya urithi wa mume wa kwanza wa Martha, na hawakuguswa na wosia. Nyumba ilikwenda kwa Bushrod Washington, mtoto wa ndugu yake George, jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi. Mwaka 1821 Bushrod aliuza watu 54 wapelekwe Louisiana, na familia zikatawanyika. Wakati huohuo alikuwa rais wa chama kilichohimiza weusi huru wahamie Afrika, chama kilichoanzisha Liberia.

Watu 123 hawawezi kuzaa ukoo wa maelfu kwa maelfu. Jina lilienea baada ya 1865, utumwa ulipofutwa. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana. Katika sensa ya 1870 wengi wao waliandikwa kwa majina mawili kwa mara ya kwanza, na Washington likajaa kurasani. Kuna waliolichagua kwa heshima ya rais wa kwanza. Wengine walilitoa kwa baba aliyeitwa Washington kama jina la kwanza. Mvulana mmoja wa Malden, West Virginia, aliyejulikana kwa jina la Booker tu, alisikia mwalimu akiita majina darasani na kila mtoto akiwa na majina mawili au zaidi. Zamu yake ilipofika akajibu kwamba anaitwa Booker Washington. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuijenga shule ya Tuskegee kuanzia mwaka 1881.

Kwetu limefika kama jina la kwanza, hasa kwa Wajaluo wa Kenya. Aprili 1994 Profesa Washington Jalang'o Okumu ndiye aliyemshawishi Mangosuthu Buthelezi akubali chama chake kishiriki uchaguzi wa Afrika Kusini, siku chache kabla ya kura, baada ya wapatanishi kutoka Marekani na Uingereza kushindwa na kuondoka.

Kama kwenu yupo mzee aitwaye Washington, muulize ni nani aliyempa jina hilo, mwaka gani, na kwa sababu gani. Kisha uandike jibu lake, maana daftari la Askofu wa Durham halina habari hiyo.