Kabla ya Magurudumu Kulikuwa na Beni

Likizo iliyopita nilikuwa Namasakata, naangalia kwenye simu mchezo unaoitwa roller derby. Wanawake wamevaa viatu vya magurudumu na kofia ngumu, timu mbili za watu watano watano wanazunguka uwanja. Mmoja wa kila timu ana nyota kwenye kofia. Huyo ndiye anayetafuta pointi kwa kuwapita wapinzani, nao wanamzuia kwa mabega na nyonga. Shangazi akachungulia. Hakuuliza sheria za mchezo, aliuliza, "Nani anawalipa?" Nikamwambia hakuna, wanachangishana wenyewe. "Basi hiyo ni kioda," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Kioda ni ngoma ya wanawake wa huku kwetu Ruvuma. Nilicheka, lakini historia iko upande wa shangazi.

Derby ilianzia Chicago mwaka 1935, ikiwa biashara ya Leo Seltzer. Wachezaji walikuwa waajiriwa, na familia yake ilipoifunga mwaka 1973 hawakuwa na la kusema. Mwaka 2001 wanawake wa Austin, Texas, waliufufua mchezo. Miaka miwili baadaye wengi wao wakagombana na wachache waliokuwa wakimiliki ligi. Wakaondoka na kuunda Texas Rollergirls, ligi inayoendeshwa na wachezaji wenyewe. Mtindo huo ukasambaa, na mwaka 2012 ukafika hadi Cairo. Wachezaji wengi hujipa majina ya uwanjani, ya utani na ya kutisha.

Hapo ndipo nilipokumbuka beni. Miaka ya 1890 vijana wa pwani, Lamu na Mombasa, walianza kuigiza bendi za kijeshi za Wazungu kwa tarumbeta, ngoma na gwaride. Tanganyika vikavuma vyama viwili mahasimu: Marini, kilichovuta zaidi makarani na watu wa mjini waliosoma, na Arinoti, cha vibarua na wageni. Kila chama kilikuwa na kingi wake, majenerali na madaktari. Yaani mtu wiki nzima ni "boi", Jumapili ni jenerali. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwatawanya askari na wapagazi, nao wakasambaa na beni. Mganda unaochezwa Songea na ukanda wa Ziwa Nyasa ni mtoto wake.

Wako waliodharau beni wakasema ni kuiga Wazungu tu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alionyesha kilichokuwa ndani: watu waliochanga, waliompokea mgeni asiye na ndugu mjini, waliozikana. Serikali haikuwapa nafasi ya kuongoza chochote, wakajitengenezea ya kwao.

Lakini tuseme ukweli, mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. Beni iliongozwa na wanaume, na mara nyingi tabaka lako ndilo lililoamua upande wako. Wanawake wa Mombasa walikuwa na lelemama, yenye vyama, mashindano na vyeo vyake. Derby nayo imebishana sana kuhusu nani aingie, na leo chama chake kikuu cha kimataifa kinawapokea waziwazi waliobadili jinsia. Klabu ya wanachama haizaliwi na haki tayari. Ila wenye mali wakiwa ndio wanachama, ubishi huo unaweza kufanyika ndani, na sheria ikabadilika.

Na ujuzi huo haupotei. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam, alipotakiwa kuwaleta wanawake TANU, aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma. Hakuanza na wenye vyeti. Wale wanawake walishajua kuitisha kikao, kushika fedha za watu na kusimama mbele ya umati. Walijifunza wapi? Kwenye kucheza.

Ndiyo maana sasa swali la shangazi naliona kuwa ndilo la kwanza kwa mchezo wowote.